Mgeni wa Siku Mbili katika Mji Mkongwe wa Unguja

Wahenga walipima ugeni kwa siku. Mgeni siku mbili, walisema. Siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kwa mzaha, pale mgeni anapokawia kuaga, lakini ndani yake mna kanuni mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba mgeni ana haki ya kulishwa, kulazwa na kutembezwa bila ya kudaiwa kitu. Ya pili ni kwamba haki hiyo ina mpaka wake. Wala aupitaye mpaka huo hafukuzwi, bali hupewa kazi, na kazi ile ndiyo imfanyayo mtu wa nyumbani, kwa kuwa jembe ni chombo cha mwenyeji.

Siku hizi watu wengi huvuka bahari kutoka Dar es Salaam siku ya Ijumaa na kurudi Jumapili. Boti za kasi huchukua muda wa kama saa mbili. Msafiri hushuka bandarini Malindi, akapokewa na rafiki aliyesoma naye zamani au aliyefanya naye kazi, akatembezwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe, akaonyeshwa majumba, akala chakula kizuri, akazungumza mpaka usiku mwingi, kisha akaaga. Safari ya namna hii yaonekana kuwa jambo jepesi lisilostahili kuandikiwa historia. Lakini mji wa Unguja ulijengwa kwa ajili ya kupokea wageni, na kipimo cha ugeni ndani yake kimebadilika mara mbili. Hapo kwanza kilikuwa upepo. Baadaye kikawa ratiba ya meli. Sasa ni kalenda ya ofisi. Kila kipimo kilipobadilika, mgeni na mwenyeji walibadilika pamoja nacho, na mabadiliko hayo yanasomeka katika nyumba, katika chakula na katika urafiki wenyewe.

Katika zama za upepo hapakuwa na mtu aliyeweza kuja Unguja kwa siku mbili kutoka mbali. Kaskazi huvuma kuanzia mnamo Desemba na kuleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na magharibi ya Bara Hindi. Kusi hushika mnamo Aprili na kuyarudisha kwao. Baina ya pepo hizo mbili nahodha hana la kufanya ila kungoja. Anaweza kuuza tende, papa mkavu, samli na mazulia, akanunua pembe, karafuu na boriti, lakini hawezi kuondoka kabla ya wakati. Utaratibu huu ni wa kale sana. Huko Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vipande vya vyombo vya udongo vilivyotoka Ghuba ya Uajemi na hata Uchina, katika makazi yaliyokuwa yakistawi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Na katika msikiti wa Kizimkazi umesalia mwandiko wa Kikufi wenye tarehe inayolingana na mwaka wa 1107. Watu walioleta vyombo vile, na waliochonga au kuagiza mwandiko ule, walijua kwamba apandaye chombo kuja upande huu huja kukaa.

Ugeni wa miezi minne una taratibu zake. Mfanya biashara aliyekawia hivyo alihitaji mahali pa kulala, ghala ya kuwekea mali, mtu wa kumdhamini, na mara nyingi mke. Waliooa wakaacha watoto. Waliopenda nchi wakabaki. Waliorudi kwao walirudi tena mwaka wa pili kwa mwenyeji yule yule, na mtoto waliyemwacha akitambaa wakamkuta akienda. Hivi ndivyo jembe la siku ya tatu lilivyokuwa likipokewa. Mgeni alikuwa mkwe, mwalimu wa chuo, fundi wa milango au karani, na lugha yake ikatia maneno yake katika lugha ya mji, nayo ikamfundisha ya kwake.

Nyumba za mawe zinaeleza habari hizi kwa mtu atakaye kuzisoma. Mbele ya nyumba ipo baraza, benchi la mawe na chokaa lililoshikamana na ukuta, ambalo mpita njia yeyote aweza kulikalia. Nyuma ya mlango uliochongwa upo ukumbi au sebule, mahali pa mgeni anayejulikana. Zaidi ya hapo upo ua, na ghorofa za juu wakaapo wanawake na watoto, ambako hafiki ila jamaa. Kwa hiyo nyumba ina vituo vya ujirani: njia, baraza, sebule na ndani, na historia ya urafiki wa mtu na mwenyeji wake ni historia ya vituo alivyoruhusiwa kuvipita. Hata upana wa vyumba una maana. Dari zilishikwa kwa boriti za mikoko, na boriti haziwi ndefu kupita kiasi cha mti wenyewe. Kwa sababu hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Boriti hizo hizo zilipakiwa kutoka Rufiji kwenda kuezekea nyumba za Kuwait na bandari nyingine za Ghuba. Mwaka wa 1939, zama za meli zilipokwisha kupevuka, mwandishi Alan Villiers wa Australia alifika Unguja ndani ya jahazi la Kuwait, kisha akaenda nalo Rufiji kutafuta shehena hiyo. Basi baharia wa Kuwait aliyealikwa katika nyumba ya Unguja aliketi chini ya dari isiyotofautiana sana na ya kwao.

Haifai hata hivyo kuzipamba zama zile kwa kuzitazama kutoka sebuleni tu. Wageni wa kaskazi hawakuwa wema wote. Katika karne ya 19 baadhi ya mabaharia waliotoka Kaskazini walijulikana kwa kuiba watoto na watumwa na kuwapakia kwa siri wakati wa kuondoka, na msimu wao ulikuwa msimu wa hofu kwa watu wanyonge. Tena walikuwapo maelfu kwa maelfu waliofika Unguja bila ya kualikwa wala kutaka: watu waliotekwa bara, wakaletwa pwani na kuuzwa. Soko lao lilikuwa Mkunazini, na lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, wakati wa Sultani Barghash bin Said. Katika mwaka ule ule ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana ulianzishwa pale pale, chini ya usimamizi wa Edward Steere. Utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo. Amri ya kuondoa hadhi yake katika sheria ilitoka mwaka wa 1897. Msafiri wa leo anayepelekwa Mkunazini asubuhi na kula pilau mchana hana budi kuviunganisha viwili hivi. Katika nyumba nyingi za wakubwa, waliosonga, waliotwanga na waliokuna nazi walikuwa watumwa, na ukarimu uliosifiwa na wageni uliandaliwa na mikono isiyokuwa na hiari. Watoto na wajukuu wa mikono hiyo ndio waliorithi ujuzi wa mapishi, na wengi wao walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyoutenga mji wa mawe na mji wa udongo na makuti.

Chakula cha Unguja, kwa hiyo, ni daftari ya wote waliofika, wa hiari na wa nguvu. Mchele na mnazi vilikuja kutoka Asia zamani sana. Muhogo, mahindi, nyanya na pilipili hoho ni mimea ya Marekani, iliyoenea pwani baada ya Wareno kufika. Pilau ilitoka Uajemi na Bara Hindi, lakini ikapata makao mapya katika sufuria ya Unguja pamoja na bizari, iliki, mdalasini na karafuu. Boko boko, ngano na nyama zilizopikwa mpaka zikavurugika pamoja, ni chakula cha Waarabu, kama ilivyo halua ya Omani. Sambusa, bajia, katlesi na chapati zina asili ya Kihindi; na urojo, ule mchuzi mchachu wa manjano unaotiwa viazi, bajia na vikaango vya muhogo, umechanganya Uhindi na Afrika katika bakuli moja hata hapana awezaye kusema mmoja waishia wapi na wa pili waanzia wapi. Karafuu yenyewe ilikuwa mgeni. Ililetwa kutoka visiwa vya Mascarene mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Seyyid Said bin Sultan, ambaye kufikia mwaka wa 1840 alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja, ikawa mali ya nchi. Tufani ya mwaka wa 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia.

Vitu vyote hivyo vilipita mahali pamoja, yaani forodhani. Ushuru wa bidhaa zilizoingia ulikuwa sehemu tano katika mia, na kwa miaka mingi ukusanyaji wake ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Wamarekani wa Salem walileta kitambaa ambacho mpaka leo huitwa merikani, wakachukua pembe na sandarusi. Bustani ya Forodhani ambapo watu hula mishikaki, pweza na maji ya miwa wakati wa magharibi ina jina la kazi hiyo ya zamani. Ilipangwa kuwa bustani katika miaka ya 1930, kwa kumbukumbu ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Pahala palipopimwa mizigo ya wageni pakawa pahala pa kuwalisha wageni, wala si ajabu, kwa sababu kazi zote mbili zinafuata gati.

Kipimo cha pili kilikuja na moshi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka wa 1869, na mwaka wa 1872 meli za kampuni ya British India zikaanza kuleta barua Unguja kila mwezi. Meli haikungoja kaskazi wala kusi. Iliwezekana sasa mtu kushuka, kukaa siku chache au wiki chache, na kupanda meli nyingine. Ndipo ilipozaliwa aina mpya ya mgeni, yule ajaye kutazama. Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888 na aliyeitembelea London mwaka wa 1875, alilifahamu jambo hili upesi. Alivuta maji matamu mpaka mjini, akajenga hamamu za watu wote katika mtaa ambao hata sasa huitwa Hamamni, na mwaka wa 1883 akasimamisha Beit el-Ajaib ufukweni, jumba refu lenye nguzo za chuma na roshani pande zote. Halikuwa jumba la kulala. Lilikuwa jumba la sherehe, nalo lilikusudiwa kuonekana na kila aingiaye bandarini. Lakini kuonekana kuna hatari yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga makombora majumba ya ufukweni kwa muda usiofika saa moja ili kumtoa Khalid bin Barghash katika kiti, na mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit el-Ajaib uliharibika.

Mmoja wa wageni wa zama hizo za meli alikuwa mzaliwa wa mji. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji. Alitoroka mwaka wa 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwezi wa Agosti 1885 alirudi pamoja na safari ya manowari za Kijerumani, akitaka haki yake ya urithi. Kaka yake Barghash hakukubali kuonana naye. Alikuwa mgeni asiye na mwenyeji katika nyumba ya baba yake. Lakini alipopita mitaani, kama alivyoeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Berlin mwaka wa 1886, watu walimwendea wakamsalimu na kumtakia heri, ijapokuwa walijua kwamba Sultani hakupendezwa. Jambo hilo lina maana kuliko makaribisho yote ya serikali. Mlango wa jumba ulifungwa, lakini njia haikufungwa, na marafiki wa zamani walimpokea hapo hapo njiani kwa salamu tu, kwa kuwa hawakuwa na kingine walichoruhusiwa kumpa.

Wako pia wageni waliokuja kwa meli wakaupokea jembe. Steere, aliyetajwa hapo juu, alifika mwaka wa 1864. Alijifunza lugha kwa watu wa mji, akatoa kitabu cha sarufi na mkusanyo wa hadithi za Waswahili mwaka wa 1870. Waliomsimulia hadithi zile walikuwa wenyeji, na majina ya wengi wao hayakupata sifa iliyompata mwandikaji. Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotangulia uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928, ambao uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kwa hiyo msafiri wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyefika Unguja baada ya hapo alisikia sokoni mazungumzo ya lugha aliyofundishwa darasani. Alikuwa mgeni wa nchi bila ya kuwa mgeni wa maneno.

Wala starehe za mgeni hazikuwa za majumba makubwa peke yake. Taarabu ilianza katika jumba la Sultani kwa mfano wa muziki wa Misri, na chama cha Ikhwani Safaa kilichoundwa mwaka wa 1905 kiliitoa kwa watu wa mji. Kisha akaja Siti binti Saad wa Fumba, mwanamke wa asili ya watumwa, ambaye aliimba kwa Kiswahili, na mwaka wa 1928 akaenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa makutano ya watu wa kila namna. Shaaban Robert hakuona haya kumwandikia wasifu mwimbaji huyo. Habari zake zinasahihisha ramani ya matembezi: atakaye kujua jinsi Unguja ilivyopokea wageni na atazame pia ng'ambo ya Darajani, kwa kuwa ukarimu wa maskini ulikuwa na sebule zake.

Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani ilipinduliwa, na tarehe 26 Aprili mwaka ule ule Unguja na Pemba ziliungana na Tanganyika. Katika mapinduzi hayo wengi waliuawa na wengi walikimbia. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, na familia kutoka Ng'ambo na mashamba zikapewa vyumba ndani yake. Kwa mara ya kwanza mjukuu wa mpishi aliweza kulala ghorofa ya juu. Hapo pana haki ambayo haifai kudharauliwa. Lakini nyumba iliyojengwa kwa jamaa moja, yenye dari za boriti na kuta za chokaa zinazohitaji kutazamwa kila baada ya mvua, haikuhimili familia nyingi zisizo na fedha za kuitengeneza, na nyingine zilianguka. Majahazi ya msimu yakapungua. Miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuwa miaka ya uhaba na foleni za vyakula, na mwenyeji ambaye hana mchele hawezi kumwalika mtu ila kwa haya.

Wakati huo huo waliokuwa wenyeji wa Unguja wakawa wageni kwa watu: Dar es Salaam, Mombasa, Maskati, Dubai, London. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1948 na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 2021, ni mmoja wao. Aliondoka akiwa kijana baada ya mapinduzi, na hakurudi kutazama kwao mpaka mwaka wa 1984. Katika riwaya yake ya mwaka wa 2001, By the Sea, yupo mfanya biashara wa msimu ambaye hupangishwa chumba katika nyumba ya mwenyeji, akaitia nyumba ile fedheha na deni. Riwaya hiyo yafaa kusomwa pamoja na methali ya jembe, kwa sababu inatukumbusha kwamba kumfungulia mtu sebule ni kujitia mkononi mwake, na kwamba ukarimu ungekuwa kitu rahisi kama usingekuwa na hatari.

Kipimo cha tatu kilianza kutumika katika miaka ya 1980. Bei ya karafuu iliporomoka, biashara ikalegezwa masharti, na serikali ikatafuta riziki katika utalii. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka wa 1985, na mwaka wa 2000 mji ukaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya kwa msaada wa shirika la Aga Khan, ikafunguliwa tena mwaka wa 2009. Wageni wameongezeka kuliko wakati wowote, na makaazi yao ni mafupi kuliko wakati wowote. Yule aliyetoka mbali hulala Mji Mkongwe usiku mmoja au miwili, kisha huenda zake pwani ya mashariki au Nungwi; yule aliyetoka bara hurudi Jumapili kwa sababu Jumatatu ni siku ya kazi.

Siku mbili ni chache, lakini si kitu duni, na methali yenyewe inazikubali. Katika siku mbili mtu aweza kununua viungo katika soko la Darajani lililojengwa mwaka wa 1904. Kuingia Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondoshwa mwishoni mwa karne ya 17. Kwenda Mtoni kuona magofu ya jumba alimozaliwa Salme. Na kula urojo wa saa kumi na pweza wa usiku. Yote hayo yanaweza kufanywa kwa fedha, bila ya rafiki. Lakini aliye na rafiki hupata jambo ambalo haliuzwi. Hukalishwa barazani Sokomuhogo pamoja na wanywaji wa kahawa, akasikia siasa na mpira vikibishaniwa na watu wasiojali kama anasikiliza. Huambiwa mlango ule ulikuwa wa nani, nani aliuhama na nani alihamia, habari ambazo mwenye kulipwa hupenda kuziruka. Mchana huingizwa ndani, mkeka ukatandikwa, sinia ya pilau ikawekwa kati, na mama wa nyumba akamlaumu kwa kula kidogo. Kwa muda wa saa moja amevuka vituo vyote vilivyomchukua mgeni wa kaskazi msimu mzima, na amevivuka kwa sababu urafiki ulikwisha kulimwa zamani, mahali pengine.

Hapa ndipo penye shaka ya mji huu. Mgeni wa upepo alikawia, kwa hiyo jembe lilimfikia. Alijenga, alifundisha, alizaa. Mgeni wa kalenda huondoka kabla ya siku ya tatu, naye ni wengi. Fedha yake ni jembe la namna fulani, na imetengeneza paa nyingi. Lakini fedha hiyo hiyo hugeuza nyumba za watu kuwa hoteli, na kodi ikipanda, mwenye kukaa barazani huhamia pembezoni mwa mji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit el-Ajaib iliporomoka wakati wa kutengenezwa, na mafundi wawili wakafa. Nchi ilisikitika, na kwa haki. Jumba, hata hivyo, laweza kujengwa tena kwa mawe, chokaa na nguzo. Mtaa ambao hauna tena mama wa kumlaumu mgeni kwa kula kidogo hauna fundi awezaye kuurudisha.

Upande wa kusini wa kisiwa, huko Makunduchi, watu husherehekea Mwaka Kogwa kila Julai, na yasemwa kwamba siku hiyo haifai mwenyeji akose mgeni nyumbani kwake. Desturi hiyo inaligeuza jambo: mwenye haja ni mwenyeji. Ndivyo isemavyo pia ile methali nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji hupona kwa kuwa mgeni humletea habari, humkumbusha adabu, na humpa sababu ya kuuzia moto chungu kikubwa. Kiswahili kina kitenzi cha kutembelea, tena kina cha kutembeleana, na tofauti ya viwili hivi ndiyo jibu la swali la jembe kwa mtu wa siku mbili. Hana nafasi ya kulima Unguja. Lakini akifika kwake Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, yampasa kuwa na mkeka wake, na sinia yake, na siku yake ya Jumamosi aliyoitenga, ili rafiki yake wa Mji Mkongwe naye apande boti, ashuke upande wa pili, na aulizwe kwa nini amekula kidogo.